Kutengeneza Nyumba za Karatasi: Ufundi Unaofaa Darasa la Kiswahili



Katika toleo hili tumeona ni vyema tuandike juu ya kazi ambayo kwa mtazamo wa haraka huonekana kuwa ya watoto wa chekechea, nayo ni kutengeneza nyumba ndogo za karatasi. Hatuzungumzii nyumba yoyote tu, bali nyumba ya mtu maalumu: nyumbani kwao mwanafunzi, nyumbani kwa bibi yake, au chumba alichopanga karibu na chuo. Kwa miaka kadhaa tumeitumia kazi hii na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Uganda. Tumegundua kuwa inafundisha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni ufundi wenyewe. La pili ni ile sehemu ya sarufi inayowasumbua sana wanafunzi wetu, yaani ngeli ya mahali.

Kwa nini tulianza

Zamani, katika mtihani wa mazungumzo, tulikuwa na swali moja la kudumu: "Eleza nyumbani kwenu." Majibu yalifanana kama mapacha. Kila mwanafunzi alisema, "Nyumba yetu ina sebule, jiko, vyumba vitatu vya kulala na bafu." Tulifurahi na kutoa alama, mpaka siku moja tulipomwuliza msichana mmoja, "Jikoni kwenu mna nini?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, sisi jiko letu liko nje, nyuma ya nyumba. Hilo nililosema ni la kitabuni."

Hapo ndipo tulipoamka. Wanafunzi wote walikuwa wakieleza nyumba moja, ile iliyochorwa katika kitabu cha kiada. Mwenzake aliyefuata alisema kwa ujasiri kwamba yeye anakaa "kwenye mzigo", na darasa zima likacheka. Kwa Kiganda, *muzigo* ni chumba cha kupanga katika safu ya vyumba vilivyounganishwa. Kwa Kiswahili, mzigo ni kitu cha kubebwa. Kijana yule hakuwa na makosa ya kudharauliwa. Alikuwa na nyumba ya kweli, ila hakuwa na neno lake. Tukajiuliza: tungefanyaje ili kila mmoja aifikirie nyumba yake, aipime, aitazame kila upande, ndipo atafute maneno?

Asili ya ufundi huu

Kutengeneza majengo kwa karatasi si jambo jipya. Nchini China, tangu zamani, mafundi hutengeneza nyumba za karatasi na mianzi ambazo huchomwa moto katika mazishi na kumbukumbu za wahenga, ili marehemu awe na makao huko aliko. Nchini Japani, wajenzi wa nyumba za kunywea chai walichora kuta kwenye karatasi zilizoweza kusimamishwa, ili mwenye nyumba aione kabla haijajengwa. Huko Ulaya, mchapishaji Schreiber wa Esslingen, Ujerumani, aliyeanza kazi mwaka 1831, alipata sifa kwa karatasi zilizochapwa majengo ya kukata na kugundisha. Mji wa Épinal nchini Ufaransa nao ulijulikana kwa karatasi za namna hiyo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kuanzia mwaka 1941, Uingereza kulikuwa na vifurushi vya kadi ndogo vilivyoitwa Micromodels. Vilipendwa kwa kuwa havikuhitaji vifaa vingi wakati vitu vilipokuwa adimu.

Siku hizi wapo mafundi wanaotengeneza nyumba ya mtu binafsi kwa kufuata picha aliyoleta, hasa kama zawadi kwa anayehama au kwa wazazi waliozeeka. Hii ndiyo namna tuliyoichagua kwa darasa letu.

Vifaa

Vifaa ni rahisi kupatikana. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, yenye gramu 80 kwa mita ya mraba, ni nyepesi mno kwa kuta. Itumieni kwa kujaribia tu. Kwa nyumba yenyewe tafuteni karatasi ya manila, au karatasi yoyote ngumu yenye gramu kati ya 160 na 200. Boksi la biskuti au la dawa ya meno nalo linafaa. Sakafu iwe kadibodi nene ili nyumba isipinde.

Mbali na karatasi, tayarisheni rula, penseli, mkasi, wembe au kisu cha kukatia karatasi, kalamu iliyokwisha wino, na gundi nyeupe ya seremala. Gundi ikikosekana, uji mzito wa unga wa ngano hufanya kazi, ila hukawia kukauka. Kalamu iliyokwisha wino ina kazi muhimu tutakayoieleza hivi punde, kwa hiyo msiitupe.

Kupima

Nyumba haiwezi kuwa ya mtu maalumu kama haikupimwa. Sisi hutumia kipimo cha 1 kwa 50, maana yake kila sentimita 2 za karatasi ni mita 1 ya nyumba halisi. Mtu mwenye urefu wa mita 1.7 atakuwa na sentimita 3.4 tu, na hivyo anaweza kusimama mlangoni bila kuinama.

Asiye na futi ya kupimia apime kwa hatua, baada ya kujua hatua yake moja ina sentimita ngapi. Aliye mbali na kwao atumie picha. Tuseme mlango una urefu wa mita 2.1, na katika picha iliyopigwa kutoka mbele mlango huo una sentimita 3. Basi kila sentimita ya picha ni mita 0.7. Ukuta wenye sentimita 4 katika picha hiyo ni wa mita 2.8. Picha iliyopigwa kwa pembeni haifai kwa hesabu hii, kwa kuwa upande ulio mbali huonekana mfupi.

Kuchora na kukata

Tuchukue mfano wa nyumba yenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6, na kuta za mita 2.8. Paa lake lina pande mbili, na kilele chake kiko mita 2 juu ya kuta. Kwa kipimo chetu tunapata sentimita 16, 12, 5.6 na 4.

Kwanza, choreni kuta nne zikiwa zimeshikana kwa mstari: 16, 12, 16, 12. Jumla ni sentimita 56. Ongezeni sentimita 1 mwishoni, nao huo ni ulimi wa gundi. Asiye na karatasi ndefu achore vipande viwili, kila kimoja cha 16 na 12 pamoja na ulimi wake. Jumla ya kila kipande ni sentimita 29, nayo huenea katika karatasi ya A4, ambayo urefu wake ni sentimita 29.7.

Pili, juu ya kila ukuta wa sentimita 12 choreni pembetatu yenye kimo cha sentimita 4. Ukuta huo sasa una kimo cha sentimita 9.6 katikati. Chini ya kuta zote acheni ulimi wa sentimita 1 wa kugundishia sakafuni, na juu ya kuta ndefu acheni mwingine wa kushikia paa.

Tatu, choreni mlango na madirisha kabla ya kukata chochote. Mlango wa mita 2.1 kwa 0.9 utakuwa sentimita 4.2 kwa 1.8. Dirisha la mita 1.2 kila upande litakuwa sentimita 2.4. Mlango ukatwe pande tatu tu, upande wa nne ukunjwe, ili uweze kufunguka na kufungwa. Rangi, nyufa, na hata alama ya mpira uliopigwa ukutani, vyote vichorwe wakati karatasi bado imelala. Ikishasimama, mkono hautafika.

Nne, kabla ya kukunja, pitisheni kalamu iliyokwisha wino kwenye kila mstari wa mkunjo, mkiilaza rula kando yake. Kalamu huacha mfereji mdogo, na karatasi hukunjika papo hapo bila kupindapinda. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka, kisha hushangaa kwa nini nyumba zao zina pembe za mviringo.

Tano, isimamisheni nyumba bila gundi kwanza ili kuona kama pande zinakutana. Kisha pakeni gundi kidogo kwa kijiti, si kwa kidole. Gundi nyingi hulowesha karatasi, na ukuta ukikauka huwa na mawimbi.

Paa la pande mbili

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu huchukua nusu ya upana wa nyumba na kuifanya upana wa paa. Paa limelala kwa mteremko, kwa hiyo ni pana zaidi. Nusu ya upana wa nyumba yetu ni sentimita 6 na kilele kina sentimita 4. Tukizidisha 6 kwa 6 tunapata 36, na 4 kwa 4 tunapata 16. Jumla ni 52, na kipeuo chake cha pili ni karibu 7.2. Ongezeni sentimita 1 ya upenu, iwe 8.2. Pande mbili ni 16.4. Urefu nao ni 16, ukiongeza sentimita 1 kila mwisho unapata 18. Kateni basi kipande cha sentimita 18 kwa 16.4, mkikunje katikati, na paa litakaa.

Kila upande wa paa unaoteremka huitwa kipaa: kuna kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma. Kwa mabati, chorení mistari myembamba inayoshuka kutoka kileleni hadi upenuni kwa kalamu ileile isiyo na wino, upande wa ndani, na migongo ya mabati itatokeza nje.

Paa la msonge

Nyumba nyingi za jadi katika eneo letu ni za mviringo. Mfano mkubwa uko hapa Kampala, katika makaburi ya wafalme wa Buganda ya Kasubi. Jengo lake kuu, Muzibu Azaala Mpanga, lina asili yake katika kasri lililojengwa mwaka 1882, na wafalme wanne wamezikwa humo. Mahali hapo paliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Jengo liliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010, likajengwa upya, na mwaka 2023 mahali hapo pakaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Chini ya paa lake la nyasi kuna pete 52 zinazowakilisha koo za Baganda.

Kwa msonge mdogo wa kipenyo cha mita 5, ukuta wa karatasi utakuwa na kipenyo cha sentimita 10. Utepe wa ukuta uwe na urefu wa sentimita 31.4, pamoja na ulimi wa 1. Paa litokeze sentimita 1 kila upande, kwa hiyo nusu kipenyo chake kiwe 6, na kimo kiwe 8. Mteremko utakuwa sentimita 10 kamili. Choreni duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10. Kutoka katika nyuzi 360 tunahitaji 216 tu, yaani 360 mara 6 gawanya kwa 10. Ondoeni kipande cha nyuzi 144, lakini acheni ulimi wa kugundishia, kisha vuteni kingo mbili zikutane.

Maneno yanayozaliwa mikononi

Mwanafunzi akiwa na nyumba mkononi, maneno huja kwa sababu anayahitaji: msingi, sakafu, dari, kenchi, kizingiti, miimo ya mlango, bawaba, komeo, upenu, ua. Wanafunzi wanaozungumza Kiganda hugundua pia kuwa baadhi ya maneno tayari wanayo. *Ddirisa* ni dirisha, *amabaati* ni mabati, na *lubalaza* ni baraza. Hili la mwisho huwashangaza, kwa kuwa wengi walidhani baraza ni kikao cha viongozi tu.

Yako pia maneno yasiyolingana. Kiganda hutofautisha *omulyango*, yaani nafasi ya kupitia, na *oluggi*, yaani ubao unaofungwa. Kiswahili huweza kusema mlango kwa vyote viwili. Vilevile jiko ni chombo cha kupikia na pia ni mahali pa kupikia, ndiyo maana twaweza kusema, "Jiko liko jikoni." Mwanafunzi aliyetengeneza vyote viwili kwa karatasi hasahau.

Ama kuhusu ngeli ya mahali, kosa tunalolikuta kila mwaka ni hili: "Kitabu kiko ku meza." Chanzo chake ni Kiganda, ambamo *ku mmeeza* ni juu ya meza, na *mu nnyumba* ni ndani ya nyumba. Kiswahili sanifu huweka -ni mwishoni, nayo pa, ku na mu hujitokeza katika upatanisho: mezani pana kitabu, uani kuna watoto, chumbani mna giza.

Zoezi letu ni mchezo. Mwanafunzi mmoja huficha punje ya haragwe katika nyumba yake, na mwenzake huuliza mpaka aipate. Imo chumbani? Ipo mlangoni? Iko uani? Jibu lisilo na -po, -ko au -mo sahihi halikubaliwi. Saa moja ya mchezo huu imetusaidia kuliko mihadhara mitatu ya ubaoni.

Nyumba isiyokuwepo

Tungependa kumalizia kwa jambo lililotufundisha sisi wenyewe. Mwaka mmoja tulikuwa na mwanafunzi aliyezaliwa Kongo, ambaye familia yake ilikimbia vita alipokuwa na umri wa miaka tisa, ikapokewa katika makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda. Tulipotoa kazi alikuja mezani petu akasema, "Samahani Mwalimu, nyumba yetu iliungua, na picha hatuna. Nitengeneze ipi?" Tulikuwa na haraka, tukamjibu, "Basi tengeneza hiyo mnayokaa sasa." Aliitikia kwa adabu, akaenda.

Wiki mbili baadaye alileta nyumba nyingine kabisa. Aliitengeneza ile iliyoungua. Kizingiti cha chini cha dirisha alikipata kwa kukumbuka kuwa kilimfika kidevuni alipokuwa mtoto. Alikadiria kidevu cha mtoto wa miaka tisa kuwa mita 1.1 kutoka chini, akapata sentimita 2.2. Vitu vingine alimpigia simu mama yake. Walibishana juu ya mlango: yeye alikumbuka ukielekea migombani, mama alisema ulielekea barabarani. Aliufuata wa mama.

Alipoeleza mbele ya wenzake alisema "mu nyumba" na "ku mulango", kama wasemavyo wengi kwao. Wanafunzi wa Kampala, ambao mwanzoni mwa mwaka walikuwa wakikicheka Kiswahili chake, walinyamaza, kisha mmoja akasema, "Mwalimu, hivyo ni kama sisi." Kweli ni kama wao. Kutanguliza mu na ku ni jadi ya lugha nyingi za Kibantu, na Kiswahili cha Kongo kinafuata jadi hiyo. Tangu siku hiyo hatusemi kwamba umbo hilo ni bovu. Tunasema ni la mahali pengine, na kwamba katika maandishi ya mtihani tunadai lililo sanifu.

Mwishoni aliandika sentensi hii katika maelezo yake: "Nyumba haipo tena, lakini nyumbani ni pale." Tuliisoma mara mbili. Tulikuwa tumefundisha kwa miaka mingi kwamba nyumba na nyumbani ni maneno ya ngeli mbili tofauti, bila kupata mfano unaoonyesha tofauti hiyo waziwazi namna ile.

Tulimwomba radhi kwa jibu letu la haraka, na tukabadilisha maagizo ya kazi. Sasa yanasema: "Tengeneza nyumba unayoifahamu, iwe imesimama au haipo." Aidha, hatumlazimishi mwanafunzi kueleza zaidi ya anavyotaka. Alama hutolewa kwa lugha na vipimo, si kwa uzuri wa nyumba wala ukubwa wake. Aliyeleta chumba kimoja cha kupanga na aliyeleta ghorofa hupimwa kwa mizani moja.

Ushauri kwa walimu wenzetu

Ni vyema kazi hii ipewe wiki tatu: ya kwanza kupima na kuchora, ya pili kukata na kugundisha, ya tatu kueleza na kucheza. Darasa likiwa kubwa, wanafunzi wafanye wawili wawili, mmoja akielekeza kwa Kiswahili na mwingine akikata, kisha wabadilishane. Mwalimu naye atengeneze ya kwake. Ya kwetu ina paa lililopinda kidogo upande wa kushoto, nayo iko ofisini juu ya kabati. Wanafunzi wakija kuuliza kwa nini imepinda, huwa tunawauliza kwanza, "Iko wapi?" Asemaye "ku kabati" hurudi mlangoni na kuanza upya.